Mwalimu Asiyevuta Mkono

Mwalimu wa skuli ya maandalizi pale Kikwajuni hukaa mkekani siku zote, miguu kainyoosha, na husema kwa sauti ndogo kama anayebembeleza mtoto alale, hata darasa zima likanyamaza lipate kumsikia. Mikono yake haitulii. Mara inafunga vifungo, mara inapangusa makamasi, mara inapapasa vichwa. Asubuhi moja Kidawa, kichanga chake kifuani, alisimama mlangoni akimtazama kama aliye usingizini, mpaka bintiye Riyama, aliyekuwa akigombania mwanasesere na mwenzake, alipomng'ata mwalimu mkono uliokuwa ukiwaamua. Mwalimu hakuuvuta. Alifumba macho, akaendelea kumpapasa mtoto mgongo kwa mkono wa pili.

Kidawa alikuja mbio, keshanyanyua kofi. "Ntampiga! Na nyumbani ndo hivihivi, tangu nlipojifungua."

"Muwache, Bi Kidawa. Maneno hajayapata bado, ana meno tu." Kisha akamwinamia Riyama. "Unataka kusema nini, mwanangu?"

Riyama aliachia taratibu. "Namtaka mama."

Mkono wa Kidawa ukalegea. Alimpa mwalimu kile kichanga, akakaa mkekani, akampakata Riyama kama ndiye aliyezaliwa jana.