Yule Mzee Hakumpa Mbwa Sumu

Juma lililopita tulimzika Msambweni mzee mmoja mtunza bustani, na kabla hatujaondoka makaburini nikasikia mtu nyuma yangu akimweleza mwenzake, "Ndiye yule aliyempa mbwa sumu kule Diani." Nilimgeukia, akainamisha macho. Nilikwenda kuzika, sikwenda kugombana, nikameza. Lakini safu hii ni yangu, na humu simezi kitu. Mzee huyo hakumpa mbwa sumu. Nilikuwepo, na mwenye kukereka na akereke.

Alifanya kazi miaka mingi katika nyumba iliyopakana na yangu, kwa mama mmoja aliyetoka bara, mtu wa kanisa, mkarimu kwa kweli, mwenye mbwa mweupe aliyempenda kama mtoto. Siku moja mama huyo alileta mtapo, mmea ule wenye shina fupi nene na majani magumu yanayochoma, akataka upandwe kando ya baraza. Nilikuwa nimesimama uani kwangu, nimetoka tu kumwamkia mzee. Alishika jembe asichimbe. "Mama, mti huu ni mzuri wa kutazama, lakini mbegu zake ni sumu. Njaa ilipotuingia, mamangu alikuwa akizianika, akiziloweka na kuzibadilisha maji siku nyingi, ndipo tule. Mbwa wa jirani hakungoja. Alizila mbichi, akafa. Na wewe una mbwa." Mama akacheka. "Mzee wangu, hii watu wanaweka hadi kwa mahoteli. Wewe panda tu." Akapanda, maana kazi ni kazi.

Mtapo ukakua, ukazaa, na mbegu nyekundu za kuvutia zikaanza kudondoka. Kila asubuhi mzee aliziokota moja moja kabla mbwa hajafunguliwa. Hakuna aliyemtuma. Kisha akaenda kwao siku tatu kwa ajili ya Idi, na siku tatu hizo hazikuwa na mwokotaji. Asubuhi aliyorudi, kanzu ya sikukuu ikiwa bado mwilini, alimkuta mbwa anatapika na miguu haimshiki. Mama alimlipukia mbele ya wafanyakazi wote, nami nikiwa pale pale kwenye ua: "Ni wewe! Miaka yote hujawahi hata kumgusa. Nyinyi hamtaki mbwa, na sasa umemwekea sumu!" Ni kweli hakuwa akimgusa. Alikuwa akilinda twahara yake ya swala, maana mate ya mbwa ni najisi, kama tunavyofanya wengi wetu huku, na mama akadhani hiyo ni chuki. Mzee alimbeba mbwa kifuani, mate yakimchuruzikia kanzu, akapanda naye bodaboda hadi kwa daktari wa mifugo. Katika matapishi daktari alikuta maganda mekundu ya mbegu za mtapo. Mbwa akapona. Jioni nilimkuta mzee akijiosha mara saba, moja kwa udongo, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani, nikamuuliza kama hakuona uzito. Akaniambia, "Najisi ina maji yake, mwanangu. Roho ikishatoka, utaiosha kwa maji gani?"

Na mimi je? Onyo lake nililisikia kwa masikio yangu, na aliposingiziwa nikanyamaza. Nilijiambia mambo ya jirani hayanihusu. Naona haya kuandika hivi, lakini haya yangu si kitu mbele ya jina lake.

Tangu siku ile mzee hakukanyaga tena kwa mama. Mama alimpelekea ujumbe arudi kazini, mambo yaishe kimyakimya. Mzee akakataa katakata. "Doa alinitia mbele ya watu. Na alitoe mbele ya watu, nitarudi leo hii." Hakulitoa. Mzee akaanza kuuza miche kando ya barabara ya Ukunda, na kila mteja alimwuliza kwanza, "Nyumbani kuna mbwa?" Ukisema yupo, mtapo hupati, wala oleanda yenye maua ya pinki, wala miti mingine aliyoijua kwa ubaya wake. Kijana mmoja wa hotelini, mwenye mbwa, alimjia juu: "Mzee, unauza ama unahubiri? Mimi nataka ile ya maua ya pinki!" Akajibiwa, "Nauza, baba. Lakini huo sikuuzii." Watu walimcheka. Hao hao huiuliza simu habari za mti uliomea vichakani hapa Kwale, na mwenye jembe amesimama mbele yao. Elimu ikivaa viatu vyenye matope hatuitambui, na mtu tusiyemjua dini yake tunamjazia nia tunazozitunga wenyewe. Sina subira tena na ujinga huu.

Juzi, baada ya kisomo cha hitima ya mzee, nilikwenda kubisha hodi kwa jirani yangu, yule mama. Mtapo ungalipo, umezungushiwa wavu wa chuma. Nikamwuliza nani aliyeuweka. "Ni mimi," alisema. "Wiki ile ile mbwa alipona." Nikamwambia, kwa hiyo ulimwamini. Akasema, "Nilijua si yeye. Nilifikiri atajua tu kuwa najua." Hakujua. Mama alijua, mimi nilijua, tukakaa kimya kila mtu upande wake wa ua, na mzee akaingia kaburini akiitwa mtu aliyempa sumu mbwa yule yule aliyemwokoa. Ukimchafua mtu kwa sauti, msafishe kwa sauti, na iwe angali anaisikia.