Miguu Yangu Kwenye Mbao

Leo, kwenye ofisi nilikopeleka ombi la kazi, walikuwa wamepaka sakafu nta. Harufu ile ikanirudisha kanisani kwetu Bukavu, kwenye jukwaa la mbao mbele ya altare, ambapo sisi wasichana wadogo tulicheza peku wakati wa misa.

Mama yangu alikuwa haoni. Alikaa benchi la kwanza.

"Miye nitakusikia tu ku miguu," aliniambia. "Kutembea yako naijua."

Lakini tulikuwa wengi, na miguu yote iligonga mbao pamoja. Niliwaza: atanijuaje? Na asiponijua? Nikaanza kukanyaga kwa nguvu, kisha kwa nguvu zaidi, mpaka nikaupoteza mdundo, nisiweze kuurudia. Mama alitabasamu, uso wake umeelekea kwa msichana mwingine.

Baada ya misa alinipapasa kichwa.

"Nilikusikia, mutoto yangu. Ulicheza muzuri kabisa! Lakini kulikuwa mumoja, ee Mungu wangu, alikuwa anakanyaga sawa ngombe. Ule iko mutoto wa nani?"

Nilimshika mkono, tukaanza kushuka ngazi.

"Simujui, maman," nikasema.