Bwana Heshima na Maji ya Mama

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni mkata karatasi katika kiwanda cha kuchapa vitabu, na kama angeridhika na kukata karatasi tusingekuwa na neno naye. Mikono anayo. Mpe rundo la karatasi mia tano, atalinyoosha kwa viganja, alipigepige mezani, alikate, na hutaona ukingo hata mmoja umechomoza. Tatizo ni kichwa. Miaka kumi ya kukata vitabu vya wenzake ilimwaminisha kwamba naye ana kitabu.

Kitabu chenyewe ni cha mchezo. Watu wazima wanakaa kuzunguka meza, mmoja anasimulia nchi isiyokuwapo, wengine wanajifanya mashujaa na wachawi wa nchi hiyo, na anayetaka kufanya jambo gumu anarusha dadu la pande ishirini kujua kama amefaulu. Wanacheza kila Jumapili mchana sebuleni kwa mama yangu, kwa kuwa ndiko kwenye meza kubwa: shemeji, kinyozi wa jirani, na mwalimu mmoja wa hesabu ambaye hufa kila wiki na kurudi wiki inayofuata na jina jipya. Nimewashuhudia wakigombana nusu saa nzima juu ya jini mwenye vichwa viwili. Nikawatilia chai.

Siku moja shemeji akaona dini za kubuni hazina ladha. Nchi yake ilitaka dini za kweli, za watu wanaoamka na kusali. Lakini kwa heshima, akasema. Neno hilo alilitafuna mpaka mtaa mzima ukambandika jina la Bwana Heshima, naye, badala ya kuona kwamba anachekwa, akavimba kichwa.

Alianza kwa sheikh wa mtaa. Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa upole kwamba mambo ya Mungu hayarushiwi dadu. Akaenda kwa padri. Padri akampa soda na jibu lile lile. Basi Bwana Heshima akawafuta wote wawili kitabuni, mstari kwa mstari, kwa sababu wana ofisi, wana waumini, na wangeweza kumfuata hadi kiwandani. Waliobaki ni wasio na ofisi. Miungu ya radi ya watu wa mbali, ambao hakuna atakayefunga safari kuja kulalamika. Na mama yangu.

Mama ana kigoda cha miguu mitatu kando ya mlango wa mbele. Kila asubuhi, kabla hajatia kitu kinywani, anamwaga maji ya jana yaliyomo katika kikombe cha bati, anateka mapya, anakiweka kikombe juu ya kigoda, anauelekeza mguu mmoja wa hicho kigoda mlangoni, kisha anasema maneno machache kwa sauti ya chini. Ndivyo bibi yake alivyomfundisha kumwita mtu aliye mbali. Mtu mwenyewe ni kaka yangu, kifungua mimba wake, aliyetoka kwenda kutafuta kazi miaka kumi na mmoja iliyopita na hajaleta hata salamu. Sisi wengine tulishakata tamaa, tukaacha hata kumtaja. Mama hakuacha. Picha ya kaka iko ukutani, juu ya meza ile ile wanayochezea.

Bwana Heshima alikuja na madaftari matatu. Alivua viatu, akaketi sakafuni ingawa viti vipo, akamuuliza mama kigoda ni cha mti gani, maji ni ya kisima au ya bomba, mguu upi unatazama mlango. Mama alimjibu kila kitu, kwa sababu ni mkwe wake, na kwa sababu humo ndani hakuna mwingine aliyekuwa akimuuliza.

"Na haya yote ni ya nini, mama?"

"Ya kumwita mtu."

Akaandika: kumwita mtu. Akapiga mstari chini yake. Madaftari matatu, na hakuuliza mtu gani.

Alijua kuna shemeji yake aliyeondoka. Vumbi la ile picha amewahi kulifuta kwa mkono wake. Ila kwake kaka yangu alikuwa mambo ya familia, na kigoda kilikuwa mila, na hayo mawili hakuyakutanisha hata siku moja. Ningeweza kumwambia. Nilinyamaza kwa kiburi, nikingoja aumbuke mwenyewe. Sikufikiri nani mwingine angekuwa mezani siku hiyo.

Ikafika Jumapili ya mwisho. Kitabu kilikuwa kimekamilika, Jumatatu kinaingia mashineni. Kilichobaki ni saini ya mama kwenye ukurasa wa mbele, ulioandikwa kwamba kitabu hiki kimetungwa kwa ridhaa na heshima kuu ya wahifadhi wa mila.

"Wahifadhi wako wangapi?" mama akauliza.

"Ni wewe, mama."

"Haya. Kabla sijatia saini, nisomee palipo pangu."

Shemeji akakohoa, akavaa ile sauti yake ya kusimulia nchi isiyokuwapo. "Mwito wa Kigoda. Weka maji, elekeza mguu mmoja mlangoni, rusha dadu. Ukipata kumi na tano kwenda juu, aliyepotea atarudi kabla jua halijazama. Ukipata chini ya hapo, jaribu tena kesho."

Mwalimu akatikisa kichwa kuridhia. Nafasi sita kati ya ishirini, akasema, si mbaya. Mdogo wangu alikuwa akipanga vikombe, mikono ikamsimama. Mimi nikainua macho kwenye picha.

"Jaribu tena kesho," mama akasema. "Hapo umepata sawasawa, baba." Akanyoosha mkono. "Nipe hicho kidude."

Sasa ndipo akili zilipoanza kumrudia Bwana Heshima. Alimtazama mama, akaitazama picha, akatazama kigoda. "Mama, huu ni mchezo tu."

"Si umesema ni kwa heshima? Nipe."

Mama akalirusha kama mtu anayetupa kokwa. Dadu likabiringika, likagonga birika, likatulia. Kinyozi, aliyezoea kuinama wa kwanza, akainama.

"Kumi na tisa," akasema. "Imekubali." Mdomo ulimtangulia, mara akaufunika kwa kiganja.

Mama akageuka kutazama mlango. Sote tukageuka. Hata mimi, niliyeudharau mchezo ule miaka miwili, nililikodolea macho pazia la mlango, na nilijichukia. Halikutikisika. Chini yake kulikuwa na viatu vya wageni.

"Nisamehe, mama," shemeji akasema. "Sikujua. Huo ukurasa nauchana sasa hivi."

"Kaa," mama akamjibu. "Jua halijazama."

Akageuza kiti chake, akauelekea mlango. Ilikuwa saa tisa na nusu. Kinyozi alikuwa na wateja wanaomngoja na mwalimu alikuwa na madaftari ya kusahihisha, lakini hakuna aliyethubutu kuinuka. Chai ikapoa. Karatasi ya ridhaa ilikuwa chini ya birika, haina saini, na doa la maji likaipenya katikati ya lile neno la Bwana Heshima. Miaka miwili nilikuwa nimeliweka akiba cheko la siku hii, na sasa halikutoka, maana mama alikuwa amekaa kwa mkao wake wa kila asubuhi, mikono mapajani, ila safari hii alikuwa ameahidiwa saa.

Mwanga ukahama ukutani, ukaiacha picha, ukatoka. Mama akasimama. Akachukua kikombe kigodani, akayamwaga maji kizingitini.

"Kesho utateka wewe," akamwambia mkwe wake.

Bwana Heshima akainyakua kalamu upesi, kwa mazoea. "Saa ngapi, mama? Na yale maneno, niandike—"

"Sikusema uandike," mama akasema. "Nimesema uteke."