Farasi wa Baba Kabla ya Rangi

Farasi mwenyewe nilimpata kwenye mitumba hapa Voi, katika rundo la midoli iliyovunjika. Ni wa plastiki ngumu, mrefu kama mkono wangu toka kiwiko hadi vidoleni, kichwa juu, anajidai. Baba akampapasa, akasema farasi wake wa ujanani hakuwa na maringo hivyo. Yule wake aliinamisha kichwa kila alipomwona Baba anakuja, na sikio lake la kushoto lilichanwa na seng'enge. Alikuwa wa kahawia inayokaribia wekundu, na baka jeupe usoni.

Baba alitoka magharibi ya nchi akiwa kijana, akaajiriwa kutunza farasi wa meneja kwenye shamba la mkonge. Picha ya yule farasi jike aliyemwita wake haipo. Sasa daktari ametuambia macho ya Baba yanakwisha na dawa haiwezi kuyarudisha. Tukiwa tunatoka kliniki akanishika bega, akaniita mama kama anavyoniita mimi bintiye tangu utotoni, akasema, "Mama, nataka nimwone tena kabla sijapofuka kabisa." Mimi ndiye wa kuchonga-chonga vitu pale nyumbani, basi kazi ya kumgeuza huyu wa plastiki awe yule ikawa yangu.

Kupaka rangi si shida. Shida ni kumtayarisha. Nilimwosha kwa maji ya moto na sabuni ya kipande, maana plastiki yenye mafuta haishiki rangi. Kisha nikamkata shingo kwa msumeno wa chuma. Jamani, nilikata kidogo kidogo! Farasi wa pili hakuwepo. Nikimharibu huyu, basi. Nikainamisha kichwa, nikakiunga kwa waya na ile gundi ya kukanda ya mafundi wa mabomba, nikalichana sikio kwa wembe, nikapiga msasa na maji mpaka kidole kikawa kinateleza tu.

Kila asubuhi Baba aliuliza nimefika wapi. Na kila asubuhi kiti chake kilisogea karibu zaidi na mlango, akitafuta mwanga, nami nikijifanya sioni. Siku moja akamimina chai nje ya kikombe, nikamfokea. Hasira gani? Ilikuwa ni woga tu.

Pupa ndiyo iliyoniponza. Gundi ilikuwa inachelewa kukauka, nami nikafanya vile tunavyofanya na kila kitu huku, mboga, viatu, mito: nikamweka juu ya mabati. Jua la Voi la saa sita nalijua tangu nizaliwe, na bado nikaingia jikoni kusonga ugali. Kurudi, miguu ya mbele imelegea, farasi kapiga magoti. Nilijitukana kwa lugha zote ninazozijua.

Ikabidi nirudi nyuma. Miguu ndani ya maji ya moto, niinyooshe, kisha ndani ya maji baridi, nimeishika bila kupumua mpaka ikakaza. Nilipomgeuza nikaona ufa shingoni. Gundi tena, msasa tena, na safari hii nikamkausha kivulini, siku zinapita nami natafuna kucha. Mwishowe nikampaka ile rangi ya kijivu ya kutangulia, ambayo hufichua kila kasoro. Sikuona hata moja. Kopo la rangi ya kahawia, na lile dogo jeupe la baka la usoni, nilikuwa sijayafungua.

Asubuhi iliyofuata Baba akasema nimpe amshike. Nikamwambia asubiri kidogo, bado hajawa tayari. Akanyoosha mikono. Nikampa.

Akasimama naye mlangoni kwenye jua, akamsogeza karibu na uso. Vidole vikapita shingoni, vikafika kwenye sikio, vikatulia hapo.

"Ndiye," akasema. "Na wekundu wake umeupatia kabisa, mama. Hata lile baka jeupe umelikumbuka."

Nikamtazama farasi mikononi mwake, kijivu kitupu toka kwato hadi masikio.

"Ndiyo, Baba," nikamwambia. "Nimelikumbuka."