Mtumiaji Namba 214

Kiwanda kilikuwa cha mablanketi, na humo ndani kila mtu alimwita Shangazi. Jina lilianzia kwa mtoto wa kaka yake, aliyeajiriwa kwenye mashine za kufumia na siku yake ya kwanza akapaza sauti katikati ya kantini, "Shangazi, chumvi iko wapi?" Wiki haikuisha, idara nzima ya ufumaji ikawa inamwita hivyo. Mwezi haukuisha, hata mkurugenzi, mzee aliyemzidi miaka kumi na miwili, akawa anapiga simu na kusema, "Shangazi, mashine yangu imegoma tena." Yeye hakulichukia. Zamani walikuwa wanamwita "yule mama wa kompyuta," na alisema heri shangazi wa watu mia tatu.

Aliingia pale akiwa na miaka ishirini na mitatu, akakaa mapokezi kuunganisha simu. Simu zilipopungua wakamhamishia chumba cha kompyuta, kuingiza idadi ya mablanketi yaliyofumwa kila zamu. Mle ndani kulikuwa na seva ya Unix, kompyuta kubwa isiyozimwa ambayo zile nyingine zote ziliitegemea, na mhandisi mmoja aliyeijua. Mhandisi akapata kazi ng'ambo. Akamwachia funguo na kitabu kinene kama tofali, akaaga. Shangazi alikisoma kile kitabu miaka miwili: kantini, kwenye foleni ya benki, hata wodini alipojifungua mtoto wa pili, nesi akidhani ni kitabu cha dini. Seva ilishabadilishwa mara tatu tangu hapo. Yeye sasa alikuwa na miaka arobaini na tisa, na hakuna aliyefikiria kumbadilisha.

Mwaka ule uongozi ukaamua kununua programu kubwa ya kuunganisha kiwanda kizima: stoo, ufumaji, rangi, mauzo, likizo za wafanyakazi, kila kitu kionekane mahali pamoja. Wauzaji wangetuma mafundi wawili Jumatatu waje kuisimika. Kabla ya hapo wakaleta mwongozo wa maandalizi wenye kurasa arobaini na tatu, na barua yenye sentensi moja iliyompandisha mkurugenzi presha: seva isipokuwa tayari, mafundi watageuza na kurudi baada ya miezi mitatu.

"Shangazi, utaweza?" mkurugenzi aliuliza.

"Nipe printa na uniache."

Akachapa kurasa zote arobaini na tatu. Akazibeba hadi nyumbani, akazitandaza mezani, penseli sikioni. Mume wake alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa maneno mengi kwa sababu kutwa nzima alikuwa anasema "breki, breki, breki." Akachukua ukurasa mmoja, akausoma kwa sauti kama mtangazaji wa redio.

"'Hakikisha kuwa mtumiaji anayemiliki programu si yule mwenye mamlaka yote.' Sasa hii nayo maana yake nini, mke wangu?"

"Kwenye Unix, ule mfumo wa seva yetu, kila faili lina mwenyewe," alisema. "Na yupo mmoja mwenye ruhusa ya kufanya lolote, hata kubomoa. Programu hii haitaki kukaa mikononi mwa huyo. Inataka mtu wake, mwenye mipaka."

"Yaani kama mimi humu ndani."

"Wewe huna hata hiyo mipaka. Lete huo ukurasa."

Siku mbili za kwanza kazi ilikwenda kama maji. Alianza kwa kuweka nakala ya akiba ya seva nzima kwenye kanda, akaifungia kabatini. Akakagua toleo la mfumo, akaweka masahihisho manne yaliyokuwa hayajawekwa. Akapima kumbukumbu ya seva, ikatosha na kubaki. Akafungua akaunti mpya ya mtumiaji na kikundi chake, akatengeneza saraka, yaani folda, ambamo programu ingekaa, akagawa ruhusa: huyu asome, huyu aandike, yule asiguse. Akarekebisha vipimo vya kiini cha mfumo kimoja baada ya kingine, na kila alipomaliza kitu akachora alama ya vema pembeni mwa ukurasa. Alizipenda zile alama. Mchana alikuwa anakula wali kwa mkono mmoja, mwingine ukizipekua na kuzihesabu.

Jumatano, ukurasa wa thelathini na moja, akakwama. Programu ilitaka gigabaiti sitini za nafasi kwenye diski. Zilizokuwepo zilikuwa thelathini na nane.

Akaanza kutafuta nani amejaza diski. Akapata saraka moja yenye gigabaiti thelathini na moja peke yake, kubwa kuliko ya idara yoyote, na haikuguswa kwa miaka kumi na moja. Akauliza mfumo: ya nani hii? Mfumo haukumpa jina. Ukampa namba, 214. Maana yake mwenyewe alikuwepo zamani, akaunti yake ikafutwa, faili zikabaki yatima.

Meneja wa uzalishaji, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Chapchap, alipita kuuliza kazi imefikia wapi.

"Futa," alisema kabla hajaelezwa nusu.

"Sijui ni nini."

"Miaka kumi na moja hakuna aliyeuliza! Futa, tusonge mbele. Si una nakala kwenye kanda?"

"Ninayo. Lakini nikishafuta, nani atakumbuka kwamba kwenye kanda kuna kitu cha kutafuta? Nipe mpaka kesho."

Bwana Chapchap akatazama saa yake kama vile ndiyo inayomdai majibu, akatoka. Shangazi akafungua faili mbili tatu. Zilikuwa picha: mistari myekundu, miraba ya kijani, maua yaliyokaa kama nyota. Majina yake hayakumsaidia kitu. Moja liliitwa "hii_ndiyo", jingine "hii_ndiyo_kweli".

Daftari la zamani la akaunti, la karatasi, lilikuwa chini ya mwavuli uliosahauliwa na mhandisi. Akapitisha kidole: 212, karani wa stoo, 213, mhasibu msaidizi, 214, mchoraji wa nakshi. Akamkumbuka papo hapo. Mama mmoja mfupi, mkali kama pilipili, aliyechora nakshi za mablanketi kwa miaka thelathini. Walimwita Mama Michirizi. Akapiga namba yake ya simu iliyokuwa kwenye faili la wastaafu, haikupatikana. Akaenda kwa mlinzi wa getini, ambaye hakuwahi kumsahau mtu yeyote aliyepita pale.

"Mama Michirizi? Yuko hai tena sana," mlinzi alisema. "Juzi tu nimemwona sokoni anagombana na mtu wa vitunguu. Anakaa na dada yake, nyumba ya milango ya bluu nyuma ya kiwanda cha mkate."

Alhamisi saa sita mchana Shangazi akabisha hodi kwenye mlango wa bluu. Mama Michirizi akafungua mwenyewe, miwani imening'inia shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ngoja, ngoja. Wewe si yule binti wa simu?"

"Ndiye mimi. Sasa binti ana mvi."

"Hata mimi nilikuwa mrefu," alisema Mama Michirizi, na dada yake akacheka kutoka jikoni. "Ingia. Umekuja kuniambia nini, kiwanda kimeungua?"

Shangazi akaeleza: programu mpya, diski iliyojaa, saraka yenye namba bila jina. Alikuwa amechapa picha tano. Mama Michirizi akavaa miwani, akazipokea. Akapitisha kidole gumba juu ya karatasi kama mtu anayepima uzito wa kitambaa.

"Hizi ni zangu zote," alisema mwishowe. "Nakshi mia nne na kumi na mbili. Zingine zilikuwa kwenye vipande vya blanketi vilivyoanza kuliwa na nondo, nikazipiga picha moja moja, mwaka mzima, kabla sijastaafu. Nikamwambia meneja wa wakati ule ziko kwenye kompyuta. Akasema vizuri. Nadhani hakusikia."

"Hakumwambia mtu."

"Sasa mnataka kuzitupa?"

"Hapana, mama. Ndiyo maana nimekuja. Lakini niambie kitu kimoja. Mbona faili ni zaidi ya elfu moja na mia mbili?"

Mama Michirizi akavua miwani, akaangalia pembeni. Ndipo Shangazi akaona kitu ambacho hakukitegemea: yule mama mkali alikuwa anaona haya.

"Nilikuwa siiamini ile mashine," alisema. "Nikihifadhi, nikifika mlangoni naona kama haikuhifadhi. Narudi, nahifadhi tena kwa jina jingine. Nikifika getini, narudi tena."

"Kila picha mara tatu?"

"Kila picha mara tatu."

Dada yake akatoka jikoni akiwa ameshika mwiko. "Na hapa nyumbani ndivyo anavyofunga mlango!" Wote watatu wakacheka mpaka Shangazi akatafuta leso.

Alirudi kazini anatembea haraka kuliko alivyokwenda. Alikuwa na amri ya kompyuta ya kulinganisha faili na kuonyesha zilizofanana herufi kwa herufi, na ile amri haikuchoka wala kunung'unika. Ilimpa orodha ndefu. Akaisoma yote, kisha akaisoma tena, ndipo akabonyeza kufuta nakala za ziada. Gigabaiti ishirini zikaachiwa papo hapo. Bado mbili. Hizo akazipata kwa kubana kumbukumbu za printa, orodha za kila kilichochapwa kwa miaka sita, ambazo hata printa zenyewe zilishatupwa. Nakshi zilizobaki akazipa mmiliki mpya, mchoraji wa sasa, kijana mpole aliyekuja mbio chumba cha kompyuta na kusimama mdomo wazi mbele ya skrini.

"Hii ya nyota mauzo wameniomba niichore upya," alisema. "Mteja ana blanketi la bibi yake, anataka mia tano kama lile. Nimehangaika nayo wiki tatu!"

"Basi nenda kapumzike. Na Jumamosi kamsalimie mwenyewe. Mlango wa bluu. Bisha kwa nguvu."

Ijumaa asubuhi akaendesha programu ndogo ya ukaguzi iliyokuja na mwongozo. Mistari ikaanza kushuka: imepita, imepita, imepita. Wa ishirini na sita ukasema imeshindwa. Akausoma taratibu. Jina la seva halikulingana: kwenye faili moja liliandikwa sawasawa, kwenye jingine yule mhandisi wa zamani alikuwa ameongeza herufi moja ya ziada, na kila seva ilipobadilishwa Shangazi alikuwa akilinakili hivyohivyo. Kosa la herufi moja, limekula chumvi miaka ishirini. Akaifuta, akaendesha ukaguzi upya. Mistari yote ishirini na saba ikapita. Hakukuwa na mtu chumbani wa kumwonyesha, hivyo akaipigia makofi mwenyewe, mara mbili, kimyakimya, akachora alama ya vema ya mwisho.

Jumatatu mafundi wakaja, mwanamke na mwanamume, wamebeba mabegi ya nguo za siku tano. Yule mwanamke, ndiye mkubwa wao, akafungua seva, akaendesha ukaguzi, akangoja ufike mwisho. Kisha akageuza kiti.

"Nani kaiandaa hii?"

Bwana Chapchap akajibu haraka kuliko mtu yeyote, "Shangazi yetu."

"Huwa tunatenga siku mbili za kwanza za kusafisha," fundi alisema. "Tukifika tunakuta vurugu tupu. Hapa hakuna cha kusafisha." Akachukua zile kurasa zenye alama za penseli, akazipekua. "Naomba nakala ya hizi, dada. Niwaonyeshe wateja wengine."

"Chukua. Lakini ukurasa wa kumi na tisa una kosa, mmerudia hatua moja mara mbili. Nimeikata."

Fundi akausoma, akaguna, akatoa kalamu na kujiandikia. Chai ya saa nne ilifika programu ikiwa imeshaanza kujisimika, na Alhamisi watu wa stoo walikuwa wanaingia humo, mmoja mmoja, wakilalamika kwamba vitufe vimehama mahali pake. Mkurugenzi akampa Shangazi zile siku mbili zilizookolewa ziwe mapumziko. Hakusafiri, hakupaka nyumba rangi, hakutembelea mtu. Asubuhi ya kwanza alilala mpaka saa tatu, akaamka, akasikia nyumba iko kimya, akageuka upande wa pili akalala tena.