Paka Waliojificha Nyuma ya Magunia

Harufu ya dagaa wanaochemka asubuhi yenye ukungu hunirudisha Iringa kuliko kitu kingine chochote. Sisemi dagaa wa kukaangwa kwa nyanya na vitunguu, wale wa mezani. Nasema dagaa waliochemshwa pamoja na pumba katika sufuria kubwa lililopigwa masizi, juu ya moto wa kuni za msonobari, harufu iliyotupokea njiani kabla hata hatujaiona nyumba yenyewe. Nyumba hiyo ilikuwa nje kidogo ya mji, ukishaiacha lami na kushika njia ya vumbi iendayo Tosamaganga. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya chini, ambaye mji mzima ulimwita Mama Kalinga. Watu walimpelekea wanyama waliokosa pa kwenda: mbwa waliogongwa na magari, paka waliozaliwa mitaroni, hata punda mmoja mzee ambaye aliyemfuga alishachoka kumlisha. Aliwapokea wote, akawatibu kadiri alivyoweza, kisha akawatafutia watu wa kuwachukua. Majirani walimtania kwamba amekosa wanafunzi wa kufundisha. Yeye aliwajibu kwamba hawa angalau hawamwongopei.

Mwaka huo nilikuwa darasa la tatu, na Iringa nilikuwa nimefika majuzi tu. Nilizaliwa Ubaruku, kwenye tambarare za mpunga, mahali ambapo jua huwaka mpaka maji ya mifereji yakawa vuguvugu kama ya kuogea mtoto. Mama yangu alifariki msimu wa mvua. Baba alikuwa mtu wa mashamba, analala kibandani kuamia ndege wasimalize mpunga, na hakujua afanye nini na binti mdogo peke yake. Ilipopita arobaini, dada mkubwa wa mama alikuja kunichukua. Nilimwita Mamkubwa. Yeye na mumewe, Bamkubwa Shabani, walikuwa na duka la nafaka karibu na soko la Iringa. Babu zake Bamkubwa walitoka pwani zamani wakifuata biashara, na mpaka siku hizo yeye bado alivaa kofia iliyotariziwa na kulalamikia baridi kama mtu aliyefika jana. Watoto wao walikuwa wamekua na kwenda zao Dar es Salaam. Ndani ya nyumba tulikuwa watatu, na ukimya wa aina tatu.

Ukimya wangu ndio uliokuwa mzito zaidi. Shuleni nilisema maneno machache siku za mwanzo, wenzangu wakacheka matamshi yangu ya Kisangu, nami nikafunga mdomo kama mtu anavyofunga dirisha upepo ukizidi. Nyumbani nilijibu kwa kichwa. Lakini kimya kile hakikuwa cha mtu asiyewaza. Kulikuwa na msemo ambao mama alipenda kuutumia wageni wakija, huku akicheka: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi niliuchukua bila kicheko chake. Nilijiona mgeni ambaye siku yake ya tatu imeshapita zamani, kwa hiyo niliamka kabla ya wote, nikafagia uwanja ulioganda kwa baridi, nikaosha vyombo hata vilivyokuwa safi. Niliamini kwamba siku nitakayoacha kuwa na faida, nitapandishwa basi nirudi Ubaruku, kwenye nyumba ambayo mama hayumo tena.

Kipupwe cha Iringa kilikuwa kitu kigeni kwangu. Ukungu ulipanda kutoka bondeni asubuhi, ukameza mawe makubwa ya mlimani, ukameza paa za mabati, na watu walitokeza ndani yake mmoja mmoja, wamejifunga vitenge juu ya masweta, wakisalimiana "kamwene" kwa midomo inayotoa mvuke. Nilienda shule kama mtu anayetembea usingizini. Na katika majira hayo panya waliingia dukani. Walitoboa magunia ya maharage na ya mchele, na usiku tuliwasikia wakikimbizana juu ya dari. Bamkubwa hakutaka sumu, kwa sababu kuku wa jirani walikuwa wamekufa kwa sumu ya namna hiyo na ugomvi wake ulikuwa haujaisha. "Tutafute paka," alisema. Mamkubwa akakumbuka nyumba ya Mama Kalinga, na Jumapili moja tukaenda, mimi katikati yao, na kapu la ukindu mkononi.

Chumba cha paka kilikuwa banda la mbao lenye dirisha la wavu, na sakafuni kumetandazwa maranda ya mbao yaliyonukia utomvu. Tulipoingia, paka walitujia kama watoto wanaomkimbilia mama arudiye sokoni. Dume moja la rangi ya chungwa lilianza kujisugua kwenye suruali ya Bamkubwa, naye akacheka, akaliona tayari limeshamaliza panya wote wa mtaani. Mimi nilikuwa nimetazama pembeni. Nyuma ya ndoo kuukuu, katika kona yenye giza, kulikuwa na macho manne. Mama Kalinga alifuata nilikokuwa naangalia.

"Hao ni ndugu," alisema. "Walikutwa chini ya turubai la lori kule Ipogolo. Mama yao hakuonekana. Mpaka leo hakuna aliyewashika."

Bamkubwa aliniinamia. "Haya, mwanangu, chagua wewe." Alikuwa na hakika nitamwonyesha lile dume. Nikanyoosha kidole kwenye kona.

"Wale? Wale hata sura zao hatujaziona."

Nikaitikia kwa kichwa. Sijui hata leo nilipata wapi ujasiri huo. Ilikuwa mara ya kwanza kuonyesha kwamba nataka kitu katika nyumba yao, na nadhani Mamkubwa alilitambua hilo, maana alimgusa mumewe mkono asibishe.

"Hawa si wa kukamatwa, ni wa kungojwa," Mama Kalinga alituambia alipokuwa akiwaingiza kapuni kwa kutumia gunia. "Mtoto akae chini sakafuni, asiwakazie macho, awasemeshe polepole. Waizoee sauti yake. Na kama wakiwashinda, nirudishieni. Msiwatupe barabarani."

Tuliwaweka stoo, nyuma ya duka. Tulipofungua kapu, walipita kama vivuli viwili wakajipenyeza kati ya magunia na ukuta, na siku nyingi zikapita bila mtu kuwaona. Tulijua wapo kwa sababu bakuli la dagaa lilikuwa tupu kila asubuhi. Nilikuwa nimewaona walipotiwa kapuni tu: mmoja alikuwa wa kijivu mwenye milia, na mwingine mweusi wote, isipokuwa kidevu cheupe, kama aliyechovya mdomo katika maziwa. Nilitoka shule nikaenda moja kwa moja stoo, nikakaa sakafuni, mgongo kwenye gunia la mchele. Tatizo lilikuwa moja: nilitakiwa kusema, nami nilikuwa nimeacha kusema.

Nilianza kwa kunong'ona. Sikuwa na habari za Iringa za kuwaeleza, basi niliwaeleza za Ubaruku. Niliwaambia jinsi maji yanavyoingia majarubani alfajiri na anga yote ikalala chini miguuni pako. Niliwaambia juu ya ndege wanaokuja kama wingu, na watoto wanaopiga madebe na kurusha udongo kwa kombeo, na vumbi la pumba linalong'aa hewani mashine ya kukoboa ikinguruma. Nilichanganya Kisangu na Kiswahili bila kuona haya, kwani nani angenicheka mle? Mwanga wa jioni uliingia kwenye tundu la bati ukasimama kama fimbo ya dhahabu, na katika nusu giza ile, yenye harufu ya magunia na mchele mpya, nilisikia sauti yangu ikirudi kutoka mbali. Siku moja nilijikuta nawaeleza kuhusu mama: jinsi alivyoimba akipepeta, na jinsi viganja vyake vilivyokuwa vikavu na vya moto. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Nyuma ya magunia kitu kilisogea kidogo, kisha kikatulia, kama kimekaa vizuri zaidi kusikiliza.

Panya hawakujali hadithi zangu. Waliendelea kula, na Ijumaa moja Bamkubwa aliporudi kutoka msikitini alikuta gunia zuri la mchele limepasuliwa ubavuni. Nilikuwa uani nikianua nguo nilipomsikia akimwambia Mamkubwa: "Jumapili warudishwe. Paka gani hawa, wanamwogopa mtu, wanamwogopa panya. Faida yao nini?"

Hakuwa amekasirika hata kidogo. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Lakini neno lile, warudishwe, liliingia kifuani mwangu likakaa. Wao hawakuwa na faida, nami sikujua kama ninayo. Jumapili asubuhi nilikunja nguo zangu nikaziweka kwenye mfuko niliokuja nao, nikavaa sweta, nikachukua kapu la ukindu, nikaenda kukaa stoo mahali pangu pa kila siku. Hapo ndipo Mamkubwa aliponikuta.

"Unakwenda wapi na mfuko?"

"Narudi nao," nilisema.

Alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Kisha akamwita mumewe, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Bamkubwa alikuja amevaa soksi tu, kikombe cha chai mkononi, akatazama mfuko, akatazama kapu, akanitazama mimi.

"Nani kakwambia wewe ni wa kurudishwa?"

Nilimwambia ule msemo wa siku ya tatu na jembe. Nikamwambia nimefagia kila siku, lakini kama haitoshi, basi. Nadhani ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia. Bamkubwa aliweka kikombe chini. Halafu, mtu mzima yule aliyeogopa sakafu ya baridi kama mtu anavyoogopa homa, alikaa chini karibu yangu, magoti yakilia.

"Mgeni ni yule anayekuja kisha anaondoka," alisema. "Wewe hukuja kwetu, tulikufuata. Kufagia nilidhani unapenda."

"Mtoto wa mdogo wangu ni mtoto wangu," Mamkubwa alisema pale mlangoni, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Kesho utalala mpaka nije nikuamshe mimi."

Tukabaki hivyo, wawili sakafuni na mmoja mlangoni. Na hapo yule wa kijivu alitokeza. Alitoka nusu, akarudi, akatoka tena, tumbo likigusa sakafu. Nilijua anakuja kwangu, maana mimi ndiye niliyekaa mle majuma yote yale. Alinipita. Akaenda hadi kwenye soksi ya Bamkubwa, akanusa kidole gumba, akakiegemeza kichwa chake juu yake.

"Asitikisike mtu," Bamkubwa alinong'ona, yeye mwenyewe amekauka kama nguzo. Chai ilipoa, mguu wake ukafa ganzi, mteja akabisha hodi dukani na kuondoka, naye hakusogea. Ndipo nilipocheka. Mamkubwa naye akacheka, na cheko letu halikumfukuza paka.

Hakuna aliyesema tena habari ya kurudisha. Wa kijivu akawa wa Bamkubwa kabisa, analala kwenye mizani akichekesha wateja, na sidhani kama aliwahi kukamata panya. Mweusi ndiye aliyeifanya kazi hiyo, peke yake, bila kuonekana, na magunia yakapona. Huyo hakukubali kuguswa hata siku moja. Alijifunza tu kuja kukaa hatua chache kutoka nilipo, ananipa mgongo, na nilielewa kwamba kwake huo ndio upendo. Baada ya mavuno baba alikuja kunitazama. Nilimsimulia mambo ya shule na ya duka mpaka adhana ya magharibi, naye alisikiliza bila kunikatiza. Alipoinuka kwenda kutawadha alimwambia Mamkubwa, "Ana sauti ya mama yake."

Sasa naishi Mbeya, nina mume na watoto, na nyumba yenye geti. Mama Kalinga hayupo tena duniani, na nasikia mahali pale pana hosteli za wanafunzi. Siku hizi mtu akitaka paka huletewa picha kwenye simu, akachagua anayetazama kamera vizuri, na jioni hiyohiyo analetewa kwa bodaboda. Sisemi ni vibaya. Ila nawaza juu ya wale wasiopigika picha. Na si paka tu. Zamani Mamkubwa alifunga kanga, akapanda basi, akaja kumchukua mtoto, wala sikumbuki kusikia kikao. Mwaka huu wifi yangu wa Makambako alituomba binti yake aje akae nasi asome huku, na mimi, niliyelelewa hivyo, nilizungusha jibu wiki nzima, nikihesabu vyumba. Mwishowe nilimpigia simu nikamwambia amlete. Anakuja Jumamosi. Mama yake anasema ni mtoto mwenye haya, nimsamehe asipoitikia salamu vizuri. Nimewaambia wanangu wamwache akae atakapo, na mimi siku ya kwanza sitamwuliza mengi.