Tulikwenda Mchombe Kutafuta Marahaba

Safari hii ilianza na kichwa cha mtu. Mimi ni msusi hapa Ifakara, nyuma kidogo ya soko, kibanda changu kina kioo kimoja na viti viwili, kimoja kimeegemea tofali. Jumatano hiyo asubuhi aliingia dada mmoja amevaa miwani ya jua na kanga ya kawaida, akakaa kwenye kile cha tofali bila kuuliza. Alipovua miwani nusura niangushe kitana. Alikuwa Vero.

Kama humjui Vero, basi huangalii runinga. Ndiye yule aliyeshinda lile shindano la vijana kufungiwa kwenye nyumba moja Dar es Salaam, kamera hadi jikoni, na watu nyumbani wanapiga kura nani abaki nani atoke. Alipotoka na ushindi akaanza kuuza mchele wa bondeni kwetu kwenye pakiti zenye sura yake, halafu mafuta ya nywele. Pakiti moja tupu nilikuwa nimeibandika ukutani, pale pale juu ya kioo, kwa hiyo siku hiyo Vero alikuwa anajitazama mara mbili.

"Nisuke mistari, ielekee nyuma," akasema. "Usiweke rasta."

"Dada, nyota mzima unasuka mistari kama mwanafunzi?"

"Naenda kwa mama. Nataka anitambue."

Nilidhani anatania. Kumbe mama yake hajamwitikia shikamoo tangu usiku wa fainali. Akipiga simu, mama anasikia "shikamoo mama," anakata. Amekwenda nyumbani Mchombe mara mbili, na mara zote mbili mama aliangalia pembeni kama mtu anayesubiri mvua. Amemjengea nyumba ya bati jekundu na vigae. Mama halali humo.

"Nisindikize," akaniambia nilipofika mstari wa mwisho. "Nikienda peke yangu nitageuza njiani, najijua."

Nilikubali haraka, na nitasema ukweli kwa nini. Mwezi uliofuata kulikuwa na usaili wa shindano lile lile. Mimi niliishia kidato cha pili, sina mtaji, nina ndoto tu. Nilikuwa na daftari nililoandika ukurasa mmoja wa huzuni: jinsi shangazi yangu aliyenilea alivyonitoa shule. Nilitaka Vero anifundishe namna ya kulia mbele ya kamera bila poda kuharibika.

Alhamisi, saa moja asubuhi, tuliondoka Ifakara kwa gari la kukodi. Barabara ya kwenda Mlimba siku hizo ilikuwa imeanza kukauka, madimbwi yamebaki katikati tu, na kila upande mpunga umeshaanza kuinamisha vichwa. Vero alifungua dirisha, akanusa. "Dar wananiuliza siri ya mchele wangu kunukia," akasema. "Nawaambia siri ni mama. Wanadhani natangaza biashara."

Namawala tulisimama kunywa chai. Hapo ndipo Vero alipata kazi yake ya kwanza baada ya darasa la saba: alikuwa anatega mitego ya mbu kwenye nyumba za watu, asubuhi anakusanya, anapeleka kwa watafiti wa malaria. Mama muuza chapati alimkumbuka.

"Weee, si wewe binti wa mbu?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba! Tulikupigia kura hapa, tukachangiana vocha. Siku ile uliposema ulivyotupwa, nililia mpaka chapati zikaungua."

Vero akatazama kikombe chake. Chai hakumaliza.

Kwenye gari, tulipokwisha kuvuka daraja la mbao, akaanza kuongea akitazama mbele. Siku ya fainali walimwambia asimulie jambo lililomuumiza utotoni. Mwenzake alikuwa ameshasimulia la kwake, na ukumbi ulikuwa umelia. Naye akasimama akasema: "Nilikuwa na miaka tisa. Wazazi wangu walifunga mizigo wakaondoka, wakaniacha mimi na mdogo wangu kwenye nyumba, miezi mitano. Nilipika mwenyewe. Nilienda shule mwenyewe."

"Na si kweli?" nikamuuliza.

"Kweli tupu, Sabina. Kila neno."

Saa sita mchana tuliingia Mchombe. Kijiji kilikuwa kimya kama siku ya msiba. Milango mingi imefungwa kwa nje, na penye uwazi unaona watoto tu, wametoka shule kula: mmoja anafagia, mmoja anapuliza moto, mwingine amembeba mdogo wake mgongoni huku anakariri jedwali la kuzidisha. Mtu mzima mmoja tu alitutokea, jirani yao Mama Flora, amebaki kwa sababu ya mguu unaomsumbua.

"Flora!" akaita ndani kabla hata hatujamsalimu. "Lete kiti. Mtoto wetu wa kutupwa amefika."

"Shikamoo, Mama Flora," Vero akasema taratibu.

"Marahaba. Mimi naitikia, mwanangu, mimi sijatukanwa sana. Mama yako yuko wapi unadhani?"

"Shamba."

"Shamba! Sasa tazama hizi nyumba. Hawa watoto wote tumewatupa? Mama yako na marehemu baba yako walihamia shamba kama sisi sote tulivyohamia. Nani angefukuza ndege, wewe ukiwa darasani? Waliokuwa wanatutazama huko Dar wanajua mpunga unavyolindwa?"

Hapo nikaona aibu imenipanda shingoni. Mimi ni wa bonde hili hili. Kila msimu naona akina mama wanafunga masufuria na mikeka, wanakwenda kukaa mashambani kule chini mbali, wanalala kwenye vibanda mpaka mavuno, na watoto wa shule wanabaki nyumbani kwa kuangaliwa na jirani yeyote aliyebaki. Nililijua hilo. Lakini lilipotoka kwenye runinga, na muziki wa huzuni chini yake, nililia kama mtu wa mbali.

Mama Flora hakuwa amemaliza. "Mama yako alikuwa anafundisha watoto komunyo ya kwanza hapa kigangoni, kwenye kanisa letu. Ameacha. Hakuna aliyemtoa. Alisimama mwenyewe akasema, mtu anayesemwa ametupa mtoto atamfundisha nani?"

Vero alikuwa hajui hilo. Nilimwona akishika mistari yake ya nywele, mmoja mmoja, kama anaihesabu.

Ijumaa tulishuka bondeni kwa miguu. Viatu vyake vizuri alivibeba mkononi, na baada ya saa moja hivi mimi nilikuwa nimeshaanguka mara mbili kwenye tope, yeye hata mara moja. Miguu yake ilikuwa inaikumbuka njia. Kwenye kivuko cha mto mvuvi mmoja alituvusha kwa mtumbwi, akamtazama Vero, akasema tu, "Mama yako ana ndege wengi mwaka huu," maana yake, sogeza mguu ukamsaidie.

Mama Vero alikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha miti mirefu kilichoinuliwa katikati ya shamba ili mlinzi aone kote. Mkononi ameshika kamba ndefu iliyofungwa makopo. Ni mama mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, macho makali.

"Shikamoo, mama," nikasema mimi.

"Marahaba mwanangu! Karibu, karibu sana. Za safari? Pole na tope."

Vero akapiga goti kabisa, kwenye maji. "Shikamoo, mama."

Mama akavuta kamba. Makopo yakalia shamba zima, na kundi la kwelea likaruka kama moshi. "Hao wengine wametua upande wako," akasema. "Simama."

Basi Vero akasimama, akaokota udongo, akaanza kuwarushia ndege. Tuliamia ndege mpaka jua likaelekea kuzama, watatu sisi, bila neno zaidi ya "kule!" na "hapa!" Mkono uliniuma nikadhani utang'oka. Tulipokaa kula, mama alipakua wali, akabanua perege wa kubanika, na kipande kikubwa chenye mayai akakiweka kwenye sahani ya Vero. Akakitenganisha na miba kwa vidole vyake, kama anavyofanyiwa mtoto mdogo. Samaki alimpa. Salamu hakumpa.

"Mama," Vero akasema, chakula kikiwa mkononi, "nimekuja kutengeneza. Sabina atanishikia simu, nitaongea, nitarusha kila mahali. Watu wengi wataona. Nitasema nilikosea."

"Wale ninaowajua mimi ni wangapi?"

"Mama?"

"Hao wa kwenye simu. Wananijua? Mimi sikudhalilishwa na watu wa Dar. Nimedhalilishwa mbele ya Mama Flora. Mbele ya watoto niliowafundisha kufanya ishara ya msalaba." Akaosha mikono. "Ulisema uongo?"

"Hapana."

"Ulisema yote?"

Vero akarudisha tonge kwenye sahani. Nikajifanya natafuta chumvi.

Jumamosi, saa tano hivi, nilisikia sauti za watoto zinatoka ng'ambo ya mto, wanaimba, wanasukumana. Siku hiyo hakuna shule, kwa hiyo watoto wa kijiji huteremka kuwafuata wazazi wao. Akina mama wakaanza kutoka kwenye madungu jirani, mmoja na hindi la kuchoma, mwingine na kipande cha muwa, wanaelekea kivukoni. Nikamwona Mama Vero naye ameshuka, amefunga samaki kwenye jani la mgomba, anakwenda na wenzake.

Vero aliacha kurusha udongo. "Mama anakwenda wapi? Mdogo wangu ameolewa Mahenge. Hana mtoto anayekuja."

Tulimfuata. Pale ukingoni akina mama walikuwa wamepanga mstari, na kila mtumbwi ukigusa nchi kavu mtoto mmoja anaruka, anadakwa, anabebwa juu juu ingawa ni mkubwa na miguu inaburuta. Mama Vero alisimama mwisho wa mstari na samaki wake. Watoto wote walipokwisha, akamwita mmoja aliyechelewa kupata chake, akampa.

"Mama, kumbe bado unakuja hapa?" Vero akauliza.

"Miguu imezoea Jumamosi," mama akasema. "Inakuja yenyewe."

Hapo Vero alilia. Nimemwona akilia kwenye runinga, machozi mawili, moja kila upande. Hiki hakikuwa kilio hicho. Kamasi zilitoka, akakaa chini kwenye mchanga, na mama yake akasimama karibu bila kumgusa, akimkinga na jua kwa kivuli chake. Vero alinisimulia hapo hapo, kwa vipande vipande: kila Jumamosi ya miezi ile mitano, alipokuwa na miaka tisa, mama yake alikuwa kivukoni kabla hajafika. Hakukosa hata Jumamosi ya mafuriko. Alimbeba mgongoni mpaka kwenye dungu, akimuuliza amejifunza nini shule.

"Hiyo ilikuwa nusu ya pili," Vero akaniambia. "Nilikuwa nataka kuisema. Niliposema nusu ya kwanza, nikaona watu wanalia, nikaona inatosha. Nikakaa."

Jumapili tulikuwa Mchombe, kigangoni. Tulipanda kijijini alfajiri na nusu ya watu wa mashambani, mama akitangulia. Simu ya Vero niliiacha kwa Mama Flora, imezimwa. Misa ilipofika kwenye matangazo, mwenyekiti alisoma habari ya kufagia kanisa na habari ya choo, kisha akasema kuna mwana wa kigango anaomba neno.

Vero alisimama mbele, mistari yangu imeshaanza kufumuka, tope bado kwenye kisigino. Nyuma mtu mmoja akanong'ona, "Haya, tupigeni kura," na watu wakacheka chini chini. Naye akacheka, nikaona ameponea hapo.

"Mnaijua nusu niliyoisema," akaanza. "Nimekuja kusema ile niliyoimeza." Akaeleza kivuko. Akaeleza samaki kwenye jani, mgongo wa mama, na Jumamosi ya mafuriko. Hakupamba. Alisahau mahali pengine, na mama mmoja kutoka kwenye mabenchi akamkumbusha, "Na Jumamosi ile ya nyoka kivukoni!" na Vero akasema, "Eeh, na Jumamosi ya nyoka," na kanisa zima likawa linasimulia pamoja naye.

Kisha akageukia upande aliokaa mama yake, akapiga goti pale pale mbele ya watu.

"Shikamoo, mama."

Mtoto mmoja akakohoa. Mama Vero alirekebisha kitambaa chake, taratibu, kama ana siku nzima.

"Marahaba, mwanangu," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka nje. "Sasa inuka, unachafua nguo."

Jioni ile ile tulirudi Ifakara. Nyuma ya gari kulikuwa na gunia la mchele wa mavuno yaliyopita ambao Vero alikatazwa kuutia kwenye pakiti; ni wa kula. Mama alikuwa amekubali jambo moja tu kuhusu nyumba ya vigae: watoto wa mafundisho watakusanyika humo msimu ukiisha, maana amesema ataanza tena. Njiani sikumuuliza Vero habari ya kulia wala poda.

Nilipofika nyumbani, shangazi alikuwa ukumbini anapepeta mchele. Nilipiga goti, nikamwamkia. "Marahaba. Umekonda," akasema, "na miguu hiyo umeitoa wapi?" Nilichukua lile daftari, nikageuza ule ukurasa wa huzuni, na kwa nyuma yake nikaanza kuandika: jinsi alivyoumwa mwaka ule na akashindwa kunisomesha, na jinsi kila jioni, yeye asiyejua kusoma, alivyonikalisha hapo mbele ya ungo nimsomee madaftari yangu ya zamani kwa sauti, nisije nikasahau. Upande mmoja wa karatasi haukutosha. Nipo kwenye ukurasa wa nne sasa. Usaili nitakwenda, na nikiulizwa nitasoma yote, hata kama watanizimia kamera katikati.